Buluu ya mwaloni si rangi ya kiwandani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe habari mliyoichapa wiki iliyopita, kwamba michirizi ya buluu kwenye mawe ya mwalo wetu, hapa Ghuba ya Mwanza, ni rangi iliyomwagwa na kiwanda. Nimekuwa fundi sanifu wa maabara ya sekondari kwa miaka 27. Siku habari ile ilipotoka nilivaa glovu, nikashuka mwaloni na chupa ya jemu. Kina mama wanaoanika dagaa walinionyesha penyewe. Majini kulikuwa na utando mzito wa kijani, mfano wa mchicha uliosagwa. Juu kidogo, ulikorushwa na mawimbi ukaozea juani, kingo zake zilikuwa buluu kabisa, kama kuna mtu aliyesuuzia brashi pale.

Nilichota ule wa kijani tu, ambao hakuna aliyeulalamikia. Nikaugandisha usiku kucha, asubuhi nikauyeyusha na kuuchuja kwa karatasi. Kilichodondoka kilikuwa buluu. Nilipokiinua dirishani nikakitazama kwa ubavuni, kiliwaka wekundu hafifu. Masalia yalibaki kijani kwenye karatasi, na maji hayakuyafanya kitu. Nilipoyamwagia spiriti ndipo ukijani ukatoka.

Utando ule ni mwani ambao wataalamu huuita sayanobakteria, nao hauna kloroplasti ile tunayowachorea wanafunzi ubaoni. Tando zake za kunasia mwanga zimejipanga ndani ya seli bila kufungiwa chumba. Klorofili, ile rangi ya kijani, imezama kwenye tando hizo, ndiyo maana maji hayaitoi. Buluu ni kitu kingine: ni protini iitwayo fikosayanini, inayeyuka majini, na imekaa juu ya tando hizo, si ndani yake. Imepangwa kama kiganja kilichokunjuliwa, vidole vikitazama nje. Chembe za namna hii, zilizokaa juu ya tando, zilionekana kwa hadubini ya elektroni mwaka 1966, pale Elisabeth Gantt na S. F. Conti wa Marekani walipochunguza mwani mwekundu wa seli moja.

Vidoleni, fikosayanini hunasa mwanga wa rangi ya chungwa, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 620 hivi, ambao klorofili huunasa kwa shida. Nishati yake hupokezwa alofikosayanini, protini ya jamii ileile iliyo kiganjani, inayonasa mwanga wa nanomita 650 hivi, kisha hukabidhiwa klorofili chini yake. Ni kama vijana wanavyoshusha magunia ya dagaa kutoka mtumbwini kwa kupokezana: kila mmoja lazima awe karibu na mwenzake, la sivyo gunia linaanguka majini. Wekundu nilioona dirishani ndilo gunia lililoanguka. Vidole vilikuwa vimevunjika, fikosayanini imenasa mwanga na haina wa kumkabidhi, ikautoa tena. Nimeishika hadubini karibu nusu ya umri wangu, na bado nilikaa pale dirishani muda mrefu nikiitazama ile chupa.

Sasa lililonifanya niandike. Buluu ikionekana juu ya mawe, maana yake seli zimekufa na kupasuka. Microcystis, mwani unaoonekana sana ghubani kwetu, unaweza kutengeneza sumu ya ini iitwayo maikrosistini. Seli ikiwa hai, sehemu kubwa ya sumu hubaki ndani. Ikipasuka, sumu humwagika majini pamoja na ile buluu. Kuchemsha maji hakuiondoi. Si kila utando una sumu, lakini kwa macho huwezi kutofautisha.

Tangu habari yenu itoke, watu hapa wanasubiri kiwanda kifungwe. Watoto wanaogelea hatua kumi kutoka kwenye ule utando, kwa kuwa wameambiwa kibaya ni buluu na kijani ni majani tu. Jumamosi nilimkuta binti wa jirani yangu akijaza ndoo palepale. Sisemi viwanda havichafui ziwa. Mwani huu hushiba fosfeti na naitrojeni, na vitu hivyo vinatoka mashambani, vyooni, na viwandani pia. Lakini hakuna aliyemwaga kopo la rangi pale.

Naomba mchapishe masahihisho ukurasa uleule wa mbele, na mwandishi wenu aandike wazi kwamba watu wasichote maji, wasiogee wala wasinyweshe mifugo penye utando, uwe wa kijani au wa buluu. Akitaka kujionea, chupa yangu bado ipo kwenye friji, nimeibandika karatasi ya onyo. Aje na glovu zake na chupa ya spiriti, maana yangu imekwisha.

Fundi sanifu maabara,
Mwanza