Barua ya wazi kwa vijana wa kikundi: mtafuteni mpangaji kabla ya kiwanja

Wanangu,

Nimesikia kwamba dalali amekwisha kuwapandisha juu ya Uyole, hapa Mbeya, kuona kiwanja, na kwamba Jumapili mnataka kupiga kura kama mnunue mjenge nyumba ya kupangisha. Hongereni kwa akiba. Wengi wa rika langu fedha zao za ujana ziliishia kilabuni. Ila maswali yote mliyoniletea ni ya kiwanja: bei gani, hatua ngapi kwa ngapi, umbali gani kutoka lami. Hakuna aliyeuliza nani atalala humo na atalipa nini. Kwa sababu hiyo nawaandikia wote kwa pamoja, na wengine wenye nia kama yenu nao wasome.

Anzeni na mpangaji. Mwanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia pale Iyunga, anataka chumba cha peke yake, umeme, maji na geti linalofungwa, tena anahesabu dakika za kutembea hadi darasani. Chuo kikifungwa anabeba godoro lake, na kama hamkuandikiana kuhusu likizo, vyumba vinakaa vitupu. Mtumishi aliyehamishiwa Uyole na mke na watoto anataka vyumba viwili na sebule, jiko la ndani, choo chake, na uzio ili nguo zisiibwe kambani. Huyo akiridhika hukaa miaka. Mfanyabiashara wa soko la Mwanjelwa atauliza kwanza kama lori lake la Canter linaingia uani. Hao ni watu watatu wenye nyumba tatu tofauti. Anayejenga kwanza ndipo atafute mtu huishia kukata sebule kwa plaiwudi.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo vijana wengi hudanganyana. Tuchukue mfano tu: vyumba vinne, kila kimoja shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 2,400,000, na hiyo ndiyo hesabu mnayoiona vichwani mwenu. Kila chumba kikikaa kitupu miezi miwili, zinabaki 2,000,000. Toeni kodi ya serikali, asilimia 10 ya pango, toeni kitasa, bomba, rangi na kuvuta choo, mtashukuru mkibaki na 1,500,000. Kama nyumba na kiwanja vimewagharimu milioni 25, ni miaka zaidi ya kumi na sita kurudisha fedha. Haidhuru, kama fedha ni yenu wenyewe. Nyumba itabaki na ardhi itapanda. Lakini mkikopa hizo milioni 25 benki, tuseme kwa riba ya asilimia 16, mwaka wa kwanza riba peke yake inakaribia milioni nne. Pango haliwezi kuibeba. Atakayewaambia "nyumba itajilipa yenyewe" mwombeni kalamu na karatasi.

Hii ndiyo sababu ya mapagale. Tembeeni kutoka Nsalaga hadi Iwambi mhesabu kuta zilizofika linta zikaota majani. Wenye kuta hizo hawakuwa wavivu, ramani ndiyo iliyowazidi mfuko. Kuta ni rahisi kwetu huku, matofali ya kuchoma yapo na mbao za Mufindi hazitoki mbali. Kinachomaliza watu ni kupaua, halafu milango, madirisha, nyaya, mabomba na karo la maji machafu. Jengeni vyumba viwili vikamilike, mpangaji aingie, ndipo muongeze. Msingi wa vile vingine mnaweza kuuacha tayari, mradi kibali cha ujenzi cha halmashauri kimeonyesha mchoro wote.

Na matofali msinunue kwa macho. Chukueni mawili katikati ya tanuru, myagonganishe: lililoiva hulia kama chuma, bichi hutoa sauti ya bubu. Kisha litumbukizeni moja kwenye ndoo usiku kucha. Likivunjika pembe asubuhi kwa kidole, msilipe.

Kiwanja chenyewe sasa. Kiangalieni kwenye mvua, si Agosti. Wote mnakumbuka Aprili 2024, tope liliposhuka mlimani kule Itezi likafunika nyumba na shule. Waulizeni akina mama wa jirani maji hupita wapi mwezi Machi. Dalali hatawaambia, majirani watawaambia bure. Kando ya mto, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60, na kando ya barabara kuu hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Barabara yetu ya TANZAM, ile iendayo Zambia, imekuwa ikipanuliwa kuelekea Uwanja wa Ndege wa Songwe, kwa hiyo kiwanja "cha barabarani" chenye bei ya chini ajabu kipimeni kwa futikamba kabla ya kushangilia.

Karatasi. Ardhi ya nchi hii ni ya umma, Rais ni mdhamini, ninyi mnanunua haki ya kuitumia. Kama muuzaji ana hati miliki, msiridhike na nakala ya simu. Lipeni ada, fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati, mwone jina, rehani na zuio. Kama ni eneo lisilopimwa, mnachonunua ni maneno ya watu, basi muwapate watu wote: mke au mume wa muuzaji aweke sahihi, maana nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi tangu Sheria ya Ndoa ya 1971, watoto wa marehemu waonyeshe barua ya msimamizi wa mirathi, majirani wa pande zote nne wasimame mpakani. Wakili aandike. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri, lakini ile asilimia kumi ya bei ambayo baadhi yao hudai haimo kwenye sheria, na mhuri wake haugeuki kuwa hati.

Kuna jambo hamjalizungumza vya kutosha, nalo linanisumbua kuliko mvua. Jina la nani litaandikwa? Naambiwa mmekubaliana liwe la mweka hazina kwa kuwa ana kitambulisho na muda. Hapana, wanangu. Akifa, nyumba ni ya warithi wake, na wala hawatakuwa wezi, watakuwa wanafuata karatasi. Ama msajili kampuni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ama muandikishwe wote kama wamiliki wa pamoja, fungu la kila mmoja limetajwa. Muandike pia mtu akitaka kujitoa atalipwa kwa bei ya lini na ndani ya miezi mingapi. Wawili kati yenu wanaoa mwaka huu, hilo swali litakuja mapema.

Mengine ni madogo. Kila mpangaji awe na mita yake ya LUKU. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa humo, wakati deni hilo kisheria ni la mwenye nyumba, kwa hiyo mpunguzieni mpangaji kiasi hicho kwenye pango au mtagombana. Mkataba uandikwe hata kwa binamu, hasa kwa binamu. Kodi ya miezi sita mkiipokea kwa mkupuo, msiigawane siku hiyo hiyo.

Jumapili ahirisheni kura. Wawili waende Iyunga, wawili Uyole, waulize wapangaji wanalipa kiasi gani na walihama nyumba ya kwanza kwa nini. Mkirudi na majibu leteni pia rasimu ya makubaliano yenu. Mimi niko nyumbani kila siku baada ya saa kumi.

Mzee wenu, Uyole