Malalamiko: matairi ya trela mliyoniuzia tawi la Tabora na majibu niliyopewa

Kwa Meneja Mkuu,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima maana ndivyo nilivyolelewa, ila naomba usome mpaka mwisho, kwa sababu tawi lenu la Tabora wameshanionyesha kwamba wao kusoma hawataki.

Mliniuzia matairi mawili ya trela kama mapya, na ndani ya wiki tatu moja likapasuka nikiwa njiani na watoto. Naanza na Jumatatu ile niliporudi na tairi lililopasuka. Nimeliweka sakafuni mbele ya kijana wenu wa mauzo, nikamwonyesha zile namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT, ile alama ya kiwanda ubavuni mwa tairi, 1416, nikamwambia hii maana yake limetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2016 na nyie mmeniuzia kama jipya. Hakuinama hata kuangalia. Akalisukuma kwa kiatu, akasema, "Mama, hayo mambo ya kiufundi, kamlete baba tuongee naye." Wateja wamejaa, mafundi wanasikiliza, na mwanangu nimemshika mkono.

Mimi ndiye niliyelipa, mimi ndiye ninayeendesha, huyo baba mnayemtaka hata leseni ya gari hana.

Siku ya kununua niliongea vizuri tu. Nikasema ni trela la kambi, lina ekseli moja, tunalala humo mimi na watoto, na kibati chake kinasema kilo 1,400 likiwa na mzigo. Matairi niliyokuja nayo yalikuwa na namba 106 ubavuni, yaani kila moja linabeba kilo 950, na upepo wake PSI 65. Nilikuwa nayabadilisha kwa sababu yameanza kupasuka nyufa ndogo ndogo ubavuni japo kashata, yale meno ya tairi yanayogusa barabara, bado zipo, maana tairi la trela mara nyingi linazeeka kabla halijaisha, hilo nyie wauza matairi ndio mlitakiwa mniambie mimi. Badala yake fundi wenu kanifungia ya gari dogo yenye namba 91. Namba 91 ni kilo 615, tena ni upepo ukiwa umejaa sawasawa, mawili ni kilo 1,230 na trela ni 1,400, sasa hizo kilo 170 zilikuwa zinabebwa na nani? Nilipouliza nikajibiwa "rimu 15, tairi 15, litaingia tu mama." Akajaza upepo 32. Hivi kuingia kwenye rimu ndiyo kubeba mzigo?

Na yale maandishi ya tarehe mara nyingi yanakuwa kamili upande mmoja tu wa tairi. Matairi yote mawili mmeyafunga upande huo ukiwa kwa ndani, yote mawili! Mwanangu wa pili kazaliwa 2016, yupo darasa la nne sasa hivi. Tairi lenu ni rika lake.

Tulikuwa tunaenda Katavi, watoto wakaone viboko. Tumepita Sikonge, tumepita Ipole, niko spidi 80 wala sikimbizi, nikasikia mlio kama bunduki, trela likaanza kuvuta gari upande wa kushoto. Mungu ni mwema hakukuwa na lori linakuja. Nilipoteremka kashata lilikuwa limebanduka zima kama ganda la ndizi, nyuzi za waya zimetoka nje, madigadi limechanwa na mguu wa trela umepinda, ubavu wa tairi wa moto huwezi kugusa. Ndivyo inavyokuwa upepo ukiwa mdogo na mzigo mkubwa, ubavu unajikunja kila mzunguko, joto linapanda mpaka nyuzi zinaachana. Nimebadilisha mwenyewe kwenye lile pori, mbung'o wananing'ata mikono yote, watoto wamefungiwa ndani ya gari na vioo juu, wanalia. Tukageuza. Kilichotuokoa ni spea yangu ya zamani ambayo nilikataa kuwaachia. Ile tarehe nimeiona hapo hapo porini, nimelala chini na tochi.

Sasa eti baadaye meneja wa tawi ananipigia simu anasema nimeliacha juani. Jua gani? Trela langu linakaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba, nimelipandisha kwenye magogo matairi yasikae na uzito, nimeyafunika magunia, upepo napima asubuhi kabla hayajapata moto, nati nazikaza tena nikishatembea kilomita kama 80. Na matairi yenu yalikuwa na wiki tatu tu kwangu! Jua la miaka yote iliyotangulia mkaliulize stoo yenu.

Narudia ya Jumatatu kwa sababu ndiyo inayoninyima usingizi kuliko hata pori. Yule kijana alilisukuma lile tairi kwa kiatu likagonga ndoo ya maji ya kupimia pancha, maji yakamwagika mpaka miguuni kwangu, hakusema hata samahani. Akasema kamlete baba. Wawili pale kwenye benchi wakacheka. Nimetoka nje mwanangu ananiuliza, "Mama, kwani baba anajua matairi?" Nimekosa jibu la kumpa mtoto.

Nilipoanza barua hii nilitaka mnirudishie 185,000 ya tairi moja. Hapana. Nataka 370,000 ya yote mawili, kwa sababu lile la pili nimelitoa na mwaka ni ule ule. Na 120,000 ya kuchomelea madigadi na mguu wa trela, risiti ya fundi ninayo. Na huyo kijana aniombe radhi pale pale kaunta, mbele ya wateja, siyo kwa simu.

Nilifikiria kuwapa siku 14, nawapa saba. Zikipita naenda TBS, watu wa viwango, na tairi lenyewe, naenda Tume ya Ushindani, na TRA, watu wa kodi, nitawaonyesha ile risiti mliyoniandikia kwa kalamu wakati mashine ya EFD ya kutolea risiti ipo hapo mezani imefunikwa kitambaa. Picha ninazo. Tairi liko chumbani kwangu, msitume mtu kuja kulichukua, hatapewa.

Wenu,
Mama wa trela la kijani, Tabora