Nirudishie daftari langu

Mbagala, Jumapili

Mwanangu Rehema,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, maji tu ndiyo yamekatika tangu juzi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikikwama neno moja, umeshanimalizia. Shida yangu ni lile daftari la mchezo wetu wa kupeana pesa kwa zamu, la jalada jekundu, uliloondoka nalo kwenda Dodoma. Nalitaka.

Najua kwa nini ulilichukua. Wiki ya tano baada ya operesheni ya kichwa nilimpa Mama Zuhura zamu yake mara mbili, laki mbili za watu, na wewe ndiye uliyeziba pengo. Siku zile nilikuwa nasimama jikoni, birika mkononi, jina la chujio limenitoka kabisa. Nikamwambia mdogo wako, "niletee kile cha chai." Akaleta sukari.

Na mshipa wenyewe wa kichwani ulikuwa haujapasuka! Nilianguka na bodaboda, wakanipiga picha ya kichwa kutazama jeraha, ndipo wakaukuta umetuna, milimita 8. Katika watu wazima 100, kama 3 wanao, na wengi huishi nao mpaka wanazikwa bila kujua. Ningeweza kupitishiwa waya kutoka kwenye paja hadi kichwani, uvimbe ukajazwa nyuzi za platinamu, lakini wangu ulikuwa na shingo pana. Wakafungua fuvu, wakaubana kwa klipu.

Kabla ya hapo nilielezwa habari ya kupooza, ya kifafa, hata ya kufa. Habari ya kusahau hakuna aliyeigusa. Hilo bado linaniuma.

Mwezi uliopita daktari mmoja kijana, kliniki, ndiye aliyenikalisha chini. Ubongo husogezwa ili mshipa ufikiwe, na pengine damu huzuiwa kwa dakika chache. Weka na hofu uliyolala nayo miezi. Kwa hiyo hata asiyevuja damu anaweza kupungukiwa kumbukumbu na wepesi wa kufikiri wiki za mwanzo. Wengi hurudi sawa baada ya miezi, wachache hubaki na upungufu. Akanipa kipimo cha alama 30: chora saa, kumbuka maneno matano, toa 7 kwenye 100, toa tena, endelea. Hapo kwenye kutoa nilimwacha yeye nyuma. Nikapata 27.

"Kabla ya operesheni ulipata ngapi?" akaniuliza.

Nani aliyenipima? Basi hiyo 27 ni kupanda au kushuka, hata yeye hawezi kusema.

Nikamwambia, dokta, mimi ni kijumbe, ndiye mwenye kutunza pesa na zamu za mchezo. Nina hesabu ya kila Ijumaa kwa miaka 11, kwa mwandiko wangu, kabla na baada. Akaweka kalamu chini, akaniomba niende na daftari. Fungua kurasa za mwaka jana, Rehema: majina 20, hakuna nilipofuta. Kisha tazama ule wa Mama Zuhura, herufi zimelala kama nyasi baada ya mvua. Baada ya hapo sijui pangekuwaje, maana ulilichukua.

Binti wa shangazi yako anakuja na treni Alhamisi, mpe yeye. Lifunge kwenye kanga, na usininunulie jipya. Kliniki ni Jumatatu, saa mbili asubuhi.

Mama Zuhura amerudisha elfu sabini Jumanne, na thelathini jana. Zako hizo. Nimeandika nyuma ya kalenda.

Mama yako