Barua kwa mwanangu aliyeko Atlanta: kabla hujaandika kwamba ni ngoma zetu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba mama. Propozo yako ya utafiti uliyonitumia WhatsApp nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwenye simu macho yakaniuma, ikabidi nimtume mdogo wako akaiprinti pale stesheneri karibu na stendi, nikaisoma vizuri usiku umeme uliporudi. Nimefurahi sana, kweli kabisa, mtoto wangu anasoma masta ya theolojia na amechagua kanisa la Wamarekani Weusi. Ila kuna kitu kimenikaa kooni na naomba nikitoe kabla supavaiza wako hajaipitisha.

Umeandika kwamba kanisa lao ni ngoma zetu zilizovuka bahari. Yaani ile kumwitikia mhubiri, kupiga makofi, kuzunguka duara kule visiwa vya Georgia na South Carolina, yote ni Afrika tupu, na wewe kwa kuwa umetokea huku utayaelewa kuliko wenzako darasani. Hapo mama tusimame kidogo.

Mwaka 1994 nikiwa nasoma huko huko Marekani nilifanya kosa hilo hilo, sijawahi kukusimulia. Tulipewa kazi twende kanisa moja la Wabaptisti weusi Jumapili tatu tuandike tulichokiona. Nikaenda na daftari nikakaa benchi la nyuma, mhubiri anapandisha sauti watu wanaitikia, mimi naandika tu hii ni kama kwetu, na hii ni kama kwetu, nikajaza kurasa. Jumapili ya pili mama mmoja mtu mzima sana, wale wahudumu wa mlangoni wenye sare nyeupe na glavu nyeupe, akaja akanigusa bega akaniuliza kwa upole, mwanangu, unamwandikia nani? Nikakosa jibu. Baada ya ibada akanishusha ukumbi wa chini akanipakulia kuku na mboga akaanza kunisimulia bibi yake aliyezaliwa utumwani, karibu saa nzima, na katika yote aliyosema Afrika hakuitaja hata mara moja. Niliporudi bwenini nilichana zile kurasa zote nikaanza upya.

Kwa hiyo anza na walichopitia wao. Baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Nat Turner kule Virginia mwaka 1831, na Turner mwenyewe alikuwa mhubiri, sheria za Kusini zilibana sana watu weusi kukusanyika na kuhubiriana bila mzungu kuwepo, watu wakawa wanaabudu usiku msituni, na wazee waliokuja kuhojiwa baadaye walisimulia walivyokuwa wanafunika chungu kifudifudi wakiamini kinameza sauti isifike nyumba kubwa ya bwana wao. Fikiria mama, mtu anaimba ndani ya chungu!! Hiyo huwezi kuielewa kwa kuwa tu unajua ngoma ya Upareni.

Na Biblia yenyewe. Mwaka 1807 London ilichapwa Biblia ya watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Uingereza, habari ya Musa kuwatoa Waisraeli Misri wakaikata. Walijua wanaogopa nini. Halafu kuna yule bibi yake Howard Thurman, mwanatheolojia mweusi, kule Daytona, Florida, aliyekuwa mtumwa na hajui kusoma, mjukuu anamsomea Biblia ila nyaraka za Paulo hazitaki, isipokuwa mara moja moja ile sura ya upendo ya Wakorintho. Thurman alipokuwa mkubwa ndipo akamuuliza sababu, akaambiwa mhubiri wa bwana wake mara kwa mara ni enyi watumwa watiini mabwana zenu, akaapa Mungu akimjalia uhuru na kusoma, hayo hatayasoma. Huyo bibi hakukanyaga seminari ila alikuwa mfafanuzi wa Maandiko, na ningependa propozo yako imtaje kabla ya hao maprofesa wote uliowapanga ukurasa wa 4.

Jingine ni wanawake. Sura yako ya tatu wapo, lakini wanaimba tu. Yuko wapi Jarena Lee? Alimwomba Richard Allen, kiongozi wa kanisa la weusi kule Philadelphia, ruhusa ya kuhubiri akakataliwa, miaka ikapita, siku moja mwaka 1819 mhubiri amekwama katikati ya habari za Yona, Lee akasimama akaendelea yeye, na Allen ambaye ni askofu akainuka akakiri kwamba ameitwa kweli. Mpe nafasi ya kutosha, sio tanbihi.

Sasa usinielewe vibaya, sisemi Afrika haimo. Imo. Ila waliopelekwa huko wengi walitoka Afrika Magharibi na upande wa Kongo na Angola, kwa hiyo ukisema "Afrika" sema ni watu gani, pwani ipi, miaka ipi. Waliofikishwa Bagamoyo kwa minyororo walivushwa Unguja, wengine wakaenda Uarabuni, hawakushushwa bandari ya Savannah kule Georgia. Na nimeshangaa hujamgusa John Mbiti, mwanatheolojia Mkenya, aliyeandika mwaka 1974 kwamba theolojia ya weusi wa Marekani imezaliwa na maumivu na ya kwetu imezaliwa na furaha ya imani, hizo ni njia mbili. Mimi nadhani alichora mstari mnene mno, maana hata wao wanacheza na sisi tumelia sana, lakini lazima umjibu. Huo mjadala ulikuwa umeshafika hapa hapa Dar, mwaka 1971 viongozi wa makanisa ya weusi wa Marekani walikuja kukaa na wenzao wa Afrika.

Kama unataka kulinganisha na kwetu nina wazo, limenikosesha usingizi. Waache wacheza ngoma, chukua makanisa ya walioachwa huru. Bagamoyo, misheni ya Wakatoliki tangu 1868, na Freretown pale Mombasa miaka ya 1870, yote yalikuwa vijiji vya watu waliotolewa utumwani, ila shamba ni la misheni, kengele ni ya misheni na padri ametoka Ulaya. Halafu nenda Philadelphia. Allen alijinunua uhuru wake mwenyewe, yeye na Absalom Jones na wenzao wakaondoka kanisa la wazungu baada ya Jones kuvutwa ainuke akiwa magotini anaomba, Allen akafungua kanisa la Bethel mwaka 1794 na mwaka 1816 likawa dhehebu, AME, yaani African Methodist Episcopal. Allen na watu wake wa Bethel mafundisho hawakubadilisha, walikuwa Wamethodisti wakabaki Wamethodisti. Walichotaka ni kupiga magoti bila mtu kuwainua. Sasa uliza, kanisa la mtu aliyekombolewa na wengine na kanisa la mtu aliyejenga mwenyewe, yanaomba tofauti? Yanahubiri kitabu cha Kutoka kwa namna moja? Hilo swali wewe mtoto wa huku unaweza kulibeba, na sijaona wa kukuzuia.

Jumapili nenda kanisani bila daftari. Na Jumatano wakiwa na darasa la Biblia nenda pia, kaa na wale kina mama, wasaidie kuosha vyombo.

Mama yako anasalimia sana, anauliza lile koti la baridi lilikufika. Propozo ukishairekebisha nitumie tena, nitaiprinti.

Baba yako