Mswaki uwe mchezo, si kelele

Mhariri, asalaam aleykum. Nna ombi kwa walimu wa skuli za maandalizi huku Wete, hawa watoto ukiwaambia kila siku "piga mswaki utaoza meno" hawasikii, tuwatilie hadithi. Nyumbani naanza paukwa, wanajibu pakawa, kisha mdudu mla ubuyu kajificha gego la nyuma kabisa na mswaki ndo askari anamsaka, mpaka dakika 2 zinakwisha mtoto hana habari, anataka tena! Dawa ya meno yenye floridi (madini ya kukinga meno yasioze) kiasi cha punje ya njegere yatosha kwa wa miaka 3 hadi 6. Na nyie mnaosema meno ya utoto yatang'oka tu, yakioza yanauma vilevile na yakiwahi kutoka, ya ukubwani yanaweza kuota kombo. Walimu, watilieni kwenye ratiba basi.

Mzazi, Wete, Pemba