Kwa mdogo wangu wa Kisumu: ukishazaa, endometriosisi haijaisha

Mdogo wangu,

Hongera kwa ujauzito. Najua kuanzia Kondele hadi Nyalenda umeambiwa, "Zaa tu, hayo maumivu yataisha." Tafadhali usitegemee maneno hayo. Miezi hii ovari hazipevushi mayai, hedhi imesimama na homoni ya projesteroni imepanda, kwa hivyo utando wa endometriosisi, ule unaofanana na wa ndani ya kizazi lakini uliomea nje yake, hauvuji damu kila mwezi. Ndiyo maana wengi hupata nafuu, hasa baada ya wiki ya 12. Si wote. Kizazi kikianza kutanuka huvuta makovu yaliyogandisha viungo, na kuna wanaoumia kuliko kabla ya mimba.

Ukiumwa, meza paracetamol: tembe 2 za miligramu 500 kila baada ya saa 6, zisizidi 8 kwa siku. Brufen na diclofenac ulizozoea, weka kando. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka.

Kliniki ya kwanza, hakikisha ugonjwa umeandikwa kwenye kijitabu cha mama na mtoto, pamoja na ukubwa wa ule uvimbe wa ovari kwenye skani yako ya mwisho. Hili nalisisitiza: homoni za mimba zinaweza kuubadilisha uvimbe huo hadi ufanane na saratani, na daktari asiyejua historia yako anaweza kukupeleka kwenye upasuaji usiohitajika. Kwenye skani ya wiki ya 18 hadi 22, uliza kondo la nyuma limekaa wapi. Kwa wenye hali yako, hukaa chini karibu na mlango wa kizazi mara nyingi zaidi.

Maumivu makali ya ghafla, kizunguzungu, jasho baridi au bega kuuma: nenda Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, saa hiyo hiyo, hata usiku. Usingoje kuona damu kwenye pedi, kwa sababu inaweza kuwa inamwagikia ndani ya tumbo. Ni nadra, lakini inaweza kuua.

Kunyonyesha mchana na usiku hurefusha nafuu. Hedhi ikirudi, maumivu nayo mara nyingi hurudi, kwa hivyo kwenye kliniki ya wiki ya 6 zungumzia njia ya kupanga uzazi yenye projestini pekee (homoni inayofanya kazi kama projesteroni): vidonge, sindano au kipandikizi. Vidonge vyenye estrojeni vingoje mtoto afikishe miezi 6. Na ukizaa kwa upasuaji, kisha kovu lifanye kivimbe kinachouma kila ukikaribia hedhi, usikubali kuambiwa ni uzi wa mshono tu. Omba kipigwe skani.

Dada yako