Mgosi, yule mbuzi wa Watson na Doubs

Milwaukee, 18 Januari 2024

Mgosi wangu Salim,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila baridi. Theluji ya wiki iliyopita bado imelala mlangoni, imekuwa ngumu kama jiwe la chumvi, na gari limegoma kuwaka mara mbili. Bi Tatu anakusalimu, anasema uliondoka na sufuria yake. Mimi simo.

Ujumbe wako wa Jumatatu niliupata. Miezi mitano kimya, mtu hasemi kama kafika, hasemi kama mzee mguu umepona, halafu asubuhi simu inalia: "Mbuzi yuko wapi?" Maneno matatu, salamu hakuna. Yule mbuzi tuliyewekeana mwaka 2022, nani atakuwa bora kati ya wadakaji wawili wa Packers, timu yetu ya mpira wa Kimarekani pale Green Bay: wangu Watson, wako Doubs. Nilicheka peke yangu kitandani mpaka mgongo ukauma. Na huo mgongo ndio ulionipa nafasi ya kukuandikia barua ndefu, nitakueleza.

Kwanza hilo la Doubs. Sibishi, Jumapili kaua. Dallas hawakuwa wamefungwa kwao msimu mzima, sisi tumeingia mtoano kwa kuchungulia dirishani, timu ya saba katika saba, na jamaa anadaka mara 6, anasogeza timu yadi 151, na tachidauni juu, yaani kafunga kwa kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani. Wiki moja tu kabla alitolewa kwenye mechi ya Chicago akiwa ameumia kifua! Kila mrushaji wetu Jordan Love alipoinua mkono, Doubs yuko pale, peke yake, utadhani anawadai mabeki wa Dallas na wao wanamkwepa. 48 kwa 32. Kibonge alikuja kwangu na jezi yake ya Dallas, ikafika mapumziko kashavaa koti juu yake, eti anasikia baridi. Ndani ya nyumba yenye hita.

Watson wangu? Alikuwepo uwanjani. Niishie hapo.

Sasa wewe umeona yadi 151 ukakimbilia simu. Lakini kumbuka tulivyosema, na shahidi ni Faraja: misimu miwili, hesabu ya msimu wa kawaida, mtoano haumo. Ulisema wewe mwenyewe, kwa sababu mwaka ule wa 2022 ulikuwa na hofu hatutafika mtoano, na kweli hatukufika. Kwa hiyo Dallas ya Jumapili haihesabiki. Nimekaa na kalamu, kazi sina, nimepiga hesabu yote.

Watson: 2022 alidaka 41, yadi 611, tachidauni 7. Msimu huu alidaka 28, yadi 422, tachidauni 5. Doubs: 42, yadi 425, tachidauni 3, halafu msimu huu 59, yadi 674, tachidauni 8. Jumlisha. Wako kadaka 101 kwa yadi 1,099. Wangu kadaka 69 kwa yadi 1,033. Tachidauni za kudaka, wangu 12, wako 11.

Umeona? Kwa yadi umenizidi 66 tu, baada ya misimu miwili. Kwa tachidauni nimekuzidi moja, na hapo sijagusa zile 2 alizofunga kwa kukimbia na mpira, ambazo najua utazikataa. Na hatukuweka kipimo! Tulisema tu "atakayekuwa bora". Bora kwa nini? Kwa sura? Tulikuwa wajinga.

Mimi nakumbuka vizuri siku tuliyowekeana. Siyo siku ya mechi, ni ile Agosti tulipokwenda Green Bay kuangalia mazoezi ya bure, na gari la Kibonge likatuchemkia njiani. Wachezaji wanatoka Lambeau, uwanja wao wa mechi, kwenda uwanja wa mazoezi juu ya baiskeli za watoto. Hadi leo nikiwasimulia watu wa nyumbani hawaamini. Jitu la kilo mia na arobaini limepanda baiskeli ya mtoto wa darasa la pili, magoti yanagonga usukani, na mwenye baiskeli anakimbia pembeni amekumbatia kofia ngumu kubwa kuliko kifua chake. Wewe ukasema hii timu nimeipenda. Nikakuambia ni timu ya wenye hisa, watu wa kawaida ndio wenye mali, hakuna tajiri mmoja. Ukasema basi hawa ndio Wananchi wa kweli, si wale wa Jangwani, na ukacheka peke yako mpaka mzungu wa mbele akageuka.

Watson siku hizo alikuwa katoka kupasuliwa goti, kasimama tu kando. Hata hivyo nilimchagua. Ningeachaje? Urefu mita 1.93, yadi 40 anakimbia kwa sekunde 4.36, na timu yenyewe ilimlipia: waliwapa Minnesota, mahasimu wetu hao hao, nafasi mbili za drafti, ule uchaguzi wa vijana wapya kwa zamu, ya 53 na ya 59, ili wapande wamchukue wa 34. Na hiyo ya 53 ilitokana na kumuuza Davante Adams! Yaani wewe umeuza mdakaji bora wa ligi, unanunua kijana kwa sehemu ya hela ile ile, bila shaka unajua unachonunua. Halafu baba yake naye alichukuliwa na Packers kwenye drafti ya 1993. Nikasema huyu ni wa kuzaliwa nayo.

Wewe hukuangalia hayo. Ulisimama kwenye uzio nusu saa ukimtazama Doubs, mtu aliyechukuliwa wa 132, raundi ya nne. Ukanivuta shati. "Mtazame mikono. Huyu hangoji mpira umfikie kifuani, anaufuata na vidole." Ukasema ni kama wale vijana wanaopakua machungwa ya Muheza, mmoja yuko juu ya lori anarusha, mwingine chini anadaka huku anaongea na mtu mwingine kabisa, haangalii hata. Nikakucheka. Nikakuambia hapa si sokoni Mgandini.

Halafu Septemba, mechi ya Minneapolis, unakumbuka tulivyoiangalia sebuleni kwa Bi Tatu? Mpira wa kwanza kabisa wa Packers msimu ule. Watson kampita beki kama kasimama, Rodgers, mrushaji wetu wa wakati ule, kaurusha, unaruka hewani, unaruka, mimi nimeshasimama na sahani ya mihogo mkononi. Unamshukia mikononi, laini kabisa, wala hakuruka, hakunyoosha shingo. Mpira ukamponyoka. Yadi 75 hizo, na mbele yake hakuna mtu. Ulichofanya wewe ni kuchukua kipande cha muhogo kwenye sahani yangu, ukatafuna polepole, hukusema neno. Ningependa ungesema.

Lakini Novemba je? Mbona Novemba huitaji? Dallas wamekuja Lambeau, Watson tachidauni tatu, ya kwanza kapiga na sarakasi ya kinyumenyume, tukashinda 31 kwa 28 kwenye muda wa nyongeza. Mechi nne, tachidauni 8! Mwezi mzima ule ulikuwa unakula chakula chako kimya. Hata msimu huu, siku ile ya Detroit, pasi ya kwanza ya Love ilikuwa yake, yadi 53. Wiki iliyofuata tukawafunga Kansas City, yeye kafunga mbili, na usiku ule ule msuli wa nyuma ya paja ukamkamata. Mechi tano za mwisho hakucheza. Na tatu za mwanzo alikuwa nje kwa msuli huo huo.

Hapo ndipo penye ugomvi wetu, Salim, tusidanganyane. Wangu kacheza mechi 23, wako 30. Gawanya. Watson anakupa karibu yadi 45 kila mechi, Doubs 36 na kitu. Kila anapodaka, wangu anatembea yadi 15, wako 11. Akiwepo ni bora. Tatizo ni hilo "akiwepo".

Na ningeweza kubishana hapa mpaka kesho kama si huu mgongo. Nilikuambia nitakueleza. Wiki ya kabla ya Krismasi nilinyanyua boksi pale ghalani, wala si zito, boksi la kawaida, nikasikia kitu kinakatika kama uzi wa mshono. Hii wiki ya nne nimelala. Daktari anasema nyama tu, mfupa mzima, nisiwe na haraka. Lakini msimamizi ananitumia ujumbe kila Jumatatu: "Utarudi lini?" Wiki hii uliingia baada ya wako kwa dakika kumi. Nikaiweka simu chini nikasema leo wadai wangu wamepanga foleni.

Pale kwenye nafasi yangu wamemweka kijana wa Goma. Nimemsikia kwa Faraja. Haongei sana, hachelewi, hakosi, kila siku yupo. Hana mbio zangu, Faraja mwenyewe anakiri, mimi nilikuwa nashusha lori moja na nusu yeye anashusha moja. Lakini ile moja anaishusha kila siku. Doubs mtupu! Nikajikuta namchukia mtu ambaye sijawahi hata kumwona. Na kumchukia Doubs pia, Jumapili ile, kila anapodaka, wakati timu yangu ndiyo inayoshinda. Bi Tatu akaniuliza mbona hufurahi. Nikamwambia mgongo.

Basi nimefikiria hivi. Mtu kuumia si kosa lake. Msuli haukuulizi. Lakini Love naye anapoinua mkono hawezi kumtupia mtu aliye kitandani. Hata ile mechi ya New Orleans, tuko nyuma 17 kwa bila robo ya mwisho, tukashinda 18 kwa 17, tachidauni ya kusawazisha mambo alidaka nani? Wako. Wangu alikuwa pembeni na koti. Sasa mimi nikisema Watson ni bora zaidi nasema kweli, na wewe ukisema Doubs ndiye kasaidia zaidi unasema kweli, sasa mbuzi tumkate vipi…

Na usisahau, Doubs naye mwaka wa kwanza alikosa mechi 4 kwa kifundo cha mguu. Hilo husemi! Ingekuwa wangu ungenitumia picha ya magongo.

Uamuzi wangu, ukubali usikubali: natuma hela ya nusu mbuzi, nusu nyingine unatoa wewe. Maalim alishatuambia tukiweka mmoja alipe yote hiyo ni kamari, tukichanga wote ni pilau. Nitatuma mwisho wa mwezi, nikirudi kazini. Ukishapika, mama yangu umpelekee sahani ya kwanza pale Ngamiani, umwambie imetoka kwangu. Usimwambie habari ya mgongo. Yeye anajua nina mafua. Na akikuuliza kwa nini mbuzi, sema tu tulikuwa na nadhiri. Usianze kumweleza habari za Green Bay, utamchanganya, atadhani nimebadili dini.

Jumamosi tunakwenda kwa San Francisco. Huku saa moja na robo usiku, kwenu itakuwa saa kumi na robo alfajiri ya Jumapili, na usiku wake Taifa Stars na Zambia. Jana Morocco wametufunga tatu, nimeangalia nimelala kifudifudi kwa amri ya daktari, na baada ya la pili nikaona bora nibaki hivyo hivyo.

Nina hofu na San Francisco. Nataka Watson adake hata mmoja mrefu, ule wa kuwanyamazisha. Na moyoni, usimwambie Faraja, najua tukifika robo ya mwisho tuko nyuma nitakuwa naomba mpira uende kwa Doubs.

Sasa nijibu, na si kwa maneno matatu. Utaamka saa kumi, au utalala na swala ikukute? Unaangalia wapi, umeme upo? Mguu wa mzee vipi? Ile kazi ya bandarini ilikuwa kweli au maneno ya watu? Mama umemwona lini mara ya mwisho, amekonda? Mbuzi siku hizi Tanga bei gani, na usinitajie bei ya sikukuu. Huko kuna mtu hata mmoja wa kuongea naye habari za Packers, au ndiyo sababu ulikaa kimya miezi mitano? Kama ni hivyo ungesema, ningeandika mapema.

Na sufuria, Salim. Ni ile kubwa yenye mfuniko wa bluu. Anauliza kila siku.

Wako,
Mbwana